Saratani ya mdomo: Usikimbie kisu ukingojea dawa mpya

Msomaji, mwaka juzi mzee mmoja, dereva wa lori, alifika katika zahanati yangu akiwa na kidonda ukingoni mwa ulimi. Kilikuwa kimetimiza miezi miwili. Alikuwa amekipaka asali, akasukutua kwa maji ya chumvi, hata akang'olewa jino lililodhaniwa kuwa ndilo linalomkwaruza. Alitolewa kipande kidogo cha nyama kikapimwa, na maabara ikathibitisha kuwa ni saratani, tena ingali changa. Nilipomwambia kwamba tiba yake ni upasuaji, alitikisa kichwa.

"Daktari, mpwa wangu yuko Kanada. Anasema siku hizi kuna dawa ya kuzima saratani bila ya kukata kitu. Nitaingojea hiyo."

Mpwa hakuwa mwongo. Dawa za namna hiyo zipo, nami nataka leo uelewe zinavyofanya kazi, kwani ukielewa utajua pia kwa nini nilimsihi asizingojee.

Seli ya mwili haijigawanyi kuwa mbili kwa kupenda kwake. Hungoja ishara. Ishara ni protini ndogo itokayo nje na kubisha kwenye ukuta wa seli, mahali palipo na kipokezi. Kipokezi kikishtuka, huipasha habari protini ya pili iliyo ndani, nayo huipasha ya tatu, hadi amri ifike kwenye kiini. Kazi ikiisha, ishara huzimwa.

Mmarekani Stanley Cohen aligundua mojawapo ya ishara hizo mahali usipopatazamia: katika tezi za mate za panya. Vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo vilifumbua macho na kuota meno mapema kuliko kawaida. Mwaka 1986 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Mate yetu pia yana ishara hiyo, nayo husaidia vidonda vya mdomoni kupona.

Sasa, katika saratani nyingi za mdomo, kipokezi cha ishara hii, ambacho wataalamu hukiita EGFR, huwa kimezidi kupita kiasi. Palipokuwa na mlango mmoja pamekuwa na milango mingi, na hodi hazikomi usiku wala mchana. Sigara, pombe, kuberi na tambuu ndizo zinazoharibu maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli mpaka mambo yakafika hapo, na anayevuta na kunywa pia yumo hatarini zaidi sana kuliko afanyaye kimoja. Kuna wanaodai kwamba tambuu isiyo na tumbaku haina neno. Si kweli. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe huleta saratani.

Dawa iitwayo setuksimabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo hukikalia kipokezi hicho ili ishara isipate pa kubisha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 442 wenye saratani za kichwa na shingo, zikiwemo za mdomo, ambazo zilikuwa zimerudi au kusambaa. Miongoni mwa waliotumia dawa za kawaida za saratani peke yake, nusu walikuwa wamefariki kufikia miezi 7.4. Walioongezewa setuksimabu, nusu walifikia miezi 10.1. Karibu miezi mitatu si haba kwa mgonjwa na jamaa zake, lakini huko si kupona.

Mkazi wa Nairobi hatashangaa nikimweleza sababu. Barabara kuu ikifungwa, matatu hazilali njiani. Hukata kona zikapitia njia za panya. Seli ya saratani hufanya vivyo hivyo. Ukiziba EGFR, hutumia kipokezi kingine. Au protini ya ndani, kwa mfano ile iitwayo RAS, huwa imeharibika ikakwama katika hali ya kutoa amri, hivyo hata mlango ukifungwa amri haikomi. Watafiti wanajaribu kuziba njia mbili kwa pamoja, ila seli nzima nazo huzitumia njia hizo hizo. Ndiyo maana wanaotumia setuksimabu hutokwa na vipele kama chunusi usoni na kifuani.

Kuna dawa nyingine, pembrolizumabu, ambayo huzima ishara inayowatuliza askari wa kinga wa mwili wasiishambulie saratani. Mwezi Juni 2025 Marekani iliiruhusu kwa saratani za kichwa na shingo zilizokwisha kukua lakini bado zinaweza kukatwa. Huanza kutolewa kabla ya upasuaji na kuendelea baadaye. Tazama vizuri, msomaji: kabla na baada, si badala yake.

Basi jiangalie mdomo kwenye kioo, chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Kidonda kilichopita wiki tatu, utando mweupe au mwekundu usiofutika, jino lililolegea bila sababu, au uvimbe shingoni, vyote vinataka daktari, hata kama haviumi. Mwanzoni mara nyingi haviumi.

Mzee wangu alirudi baada ya miezi mitano, na uvimbe shingoni ukubwa wa ndimu. Operesheni ambayo ingechukua sehemu ndogo ya ulimi ilichukua karibu nusu, pamoja na tezi za shingo, kisha akapigwa miale kwa wiki sita. Siku hizi maneno yake huyaelewa mkewe kuliko mimi. Anakula uji na ndizi za kuponda, na mwezi uliopita hatukuona dalili ya ugonjwa kurudi. Alitaka kujua kama bado anaweza kuendesha lori. Nilimwambia anaweza.