Takwimu za zahanati huenda wapi?

Mtaalamu wa mifumo ya taarifa za afya anajibu maswali ya watumishi wa zahanati na vituo vya afya.

Zahanati yetu haina kompyuta. Hiyo DHIS2 inatuhusu nini?

Inawahusu kila mnapofungua rejesta. Mjamzito akija kliniki anaandikwa kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania. Mwisho wa mwezi mnajumlisha, mnajaza fomu, inapelekwa wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafikia wilaya zote 2013.

Tunailipia?

Programu ni ya bure. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kinachoiratibu, ingawa chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya 1994. Gharama ziko kwenye umeme, bando na mafunzo.

Wilaya yetu imevuka asilimia 100 ya chanjo. Inawezekanaje?

Inawezekana, na si lazima mtu awe amedanganya. Waliochanjwa mnawahesabu wenyewe, lakini idadi ya watoto mnaotakiwa kuwachanja ni makadirio ya sensa. Kwa miaka kumi Tanzania ilitumia sensa ya 2012. Kata iliyopata mgodi katikati ya kipindi hicho ilijaa watoto ambao makadirio hayakuwajua. Kina mama wa wilaya jirani nao huja kwenu kwa sababu ni karibu.

Ila msijifiche nyuma ya sensa. Linganisheni dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya Penta. Ya tatu ikizidi ya kwanza mwezi baada ya mwezi, kuna kasoro: fungueni rejesta mhesabu upya, kisha mtazame leja ya chanjo kama dozi zilizotumika zinakubaliana na watoto mlioandika. Mara nyingi mtakuta 31 iliyoingizwa kama 311.

Tunajaza rejesta, kishikwambi, halafu fomu ya mradi. Tutahudumia wagonjwa saa ngapi?

Mna haki ya kulalamika. Mfadhili anayekuja na fomu yake angepaswa kukataliwa mlangoni, lakini nani atamkataa mwenye fedha?

Kinachokera zaidi ni takwimu kupanda wilayani zisirudi. Dai hilo mlipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya: kila ripoti irudi na majibu. Mkiona wajawazito wengi wanakuja hudhurio la kwanza na wachache wanafika la nne, mnaweza kuwauliza wenyewe kinachowazuia: nauli, foleni au lugha ya mapokezi. Oslo hawawezi kuwajulia hilo.

Na siri za wagonjwa?

Ripoti ya mwezi hubeba jumla tu. Majina yamo kwenye mifumo ya mgonjwa mmoja mmoja, kama OpenMRS, ambayo kazi za Eldoret, Kenya, zilichangia kuizaa. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania 2022. Kwenu, kila mtumishi awe na nywila yake, na ile iliyobandikwa ukutani ibanduliwe leo.