Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Kilimanjaro hadi Mwanza

Msafiri wa barabara ya lami atokaye Arusha kwenda Mwanza hupitia Babati, Singida, Nzega na Shinyanga. Ndege haihitaji mzunguko huo. Kutoka Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, hukata moja kwa moja juu ya Ngorongoro na Serengeti. Umbali huo wa angani mwanafunzi aweza kuukokotoa mwenyewe.

Kiwanja cha Kilimanjaro kiko latitudo 3°26′ Kusini na longitudo 37°04′ Mashariki. Cha Mwanza kiko 2°27′ Kusini na 32°56′ Mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 59, na ya longitudo ni dakika 248. Dakika moja ya latitudo juu ya uso wa Dunia ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilometa 1.852. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri iendavyo kwenye ncha za Dunia, lakini karibu na Ikweta upungufu huo ni mdogo mno, nao waweza kuachwa. Basi kwa kanuni ya Pythagoras:

59² + 248² = 64,985

Kipeuo chake cha pili ni 255 hivi. Maili 255 za baharini ni kilometa 472.

Sasa ichukuliwe ndege ya pangaboi iendayo hewani kwa kasi ya kilometa 500 kwa saa. Pasipo upepo, na bila kuhesabu muda wa kupaa na kutua, itatumia dakika 56.6 kila upande. Kwenda na kurudi ni dakika 113.

Je, ukivuma upepo wa kilometa 100 kwa saa kutoka mashariki? Wengi hujibu upesi kwamba faida ya kwenda italipa hasara ya kurudi. Hesabu yakataa. Kwenda Mwanza, ndege husukumwa, na kasi yake juu ya ardhi huwa 600. Muda ni dakika 47.2. Kurudi, kasi huwa 400. Muda ni dakika 70.8. Jumla ni dakika 118, yaani karibu dakika 5 zaidi.

Sababu ni hii: ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo wa kuizuia kuliko katika upepo wa kuisaidia. Wastani wa 600 na 400 ni 500, lakini huo ni wastani wa kasi mbili zilizodumu kwa muda usio sawa. Upepo ungefikia kilometa 500 kwa saa, ndege ingefika Mwanza upesi sana, wala isingerudi kamwe.

Kosa hili darasani hupoteza alama. Angani hupoteza mafuta. Ndiyo maana kanuni za kimataifa hudai safari ya ndege ya aina hii ipangwe ili itue ikiwa bado na akiba ya mafuta ya kuruka dakika 30.

Zoezi: Upepo huohuo ukivuma ubavuni, kwa pembe mraba na njia, rubani hulazimika kuelekeza pua ya ndege upande utokako upepo. Tafuta kasi juu ya ardhi na muda wa kwenda na kurudi. (Jibu: kilometa 490 kwa saa, dakika 116 hivi.)