Blanketi la Mvua: Kazi ya Siku 365



Tukitembelea vikundi vya kina mama, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, tunaona vitambaa vya kroshia vilivyoshonwa vikapendeza. Lakini ukiuliza habari za kazi kubwa, kama blanketi, mara nyingi unaletewa mfuko wenye kazi iliyokomea nusu. Pesa za uzi zimelala humo. Mikono hodari ipo. Kinachokosekana ni mpango wa kazi ndefu. Leo basi tujifunze mpango huo kwa blanketi la hali ya hewa.

Blanketi hili ni nini?

Ni blanketi ambalo kila mstari ni siku moja, na rangi ya uzi huonyesha hali ya siku ile. Wengine hufanya mstari kwa mwaka. Mwaka 2017 huko Uingereza, Ellie Highwood, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Reading, alishona kwa kroshia blanketi la namna hiyo kuonyesha jinsi dunia inavyozidi kupata joto. Mwaka 2018 mwenzake Ed Hawkins akatoa michoro ya milia ya rangi ambayo sasa inajulikana duniani kote.

Wenzetu wa nchi za baridi hupima joto. Huku kwetu joto la mchana hutoka karibu digrii 28 mwezi wa Julai hadi karibu 33 mwezi wa Machi. Tofauti ni ndogo, na blanketi litatoka karibu rangi moja. Kinachotutofautishia siku ni mvua. Kwa hivyo sisi tushone mvua.

Kupima na kuandika

Tafuta mkebe ulionyooka kutoka chini hadi juu. Uweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula, soma milimita, andika daftarini, kisha mwaga maji. Rangi ziwe nne tu:

- Hakuna mvua: rangi ya mchanga
- Hadi milimita 10: kijani hafifu
- Zaidi ya 10 hadi 30: kijani kibichi
- Zaidi ya 30: buluu

Siku ambayo haikupimwa ishonwe kwa uzi mweusi. Msikisie. Mstari mweusi mmoja hauharibu blanketi, lakini mstari wa kubahatisha huharibu ushahidi wote. Na mkumbuke: kushona kunaweza kungoja hata wiki, lakini kupima hakungoji. Maji ya leo kesho yamekauka.

Kugawa kazi

Siku 365 zinatisha. Hebu tuwaulize wazee. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, kwa makumi. Siku kumi ni mwongo mmoja, na mwaka una miongo 36 na siku tano za nyongeza. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri.

Nasi tushone kwa miongo. Kikundi cha watu 12 kitagawana miongo mitatu kila mmoja. Mama wa kwanza anashika mwongo wa 1, wa 13 na wa 25. Wa pili anashika wa 2, wa 14 na wa 26, na kuendelea hivyo. Zamu yako inarudi baada ya siku 120, na kazi yako ni mistari kumi tu. Siku tano za mwisho zishonwe pamoja. Vipande vitaunganishwa kama ukili unavyounganishwa kuwa mkeka.

Ili vipande vilingane, wote watumie sindano ya namba moja na idadi moja ya vishono. Chagueni mshono mfupi. Mstari wa milimita 6 utawapa blanketi la mita 2 na sentimita 19. Mshono mrefu wa sentimita 2 utafika mita 7 na zaidi, na hapo mtakuwa mnafunika nyumba! Uzi ununuliwe kwa pamoja ili rangi zisitofautiane, na rangi ya mchanga iwe nyingi kuliko zote.

Faida yake

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2022 uliigusa Kwale yetu, na mwishoni mwa 2023 ikaja mvua kubwa ya El Niño. Leo ukiuliza masika ya mwaka fulani yalianza lini, kila mtu ana jibu lake. Mwenye blanketi anahesabu mistari. Mkulima anayetaka kujua kama mvua ya kwanza ni ya kupandia au ni ya kumdanganya, apotee na mbegu zake, ana kitu cha kulinganisha. Bandu bandu huisha gogo, na mstari kwa mstari mwaka mzima unakunjwa mkononi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni kazi gani tuliyoianza na haijaisha? Tunaweza kuigawa vipi kwa miongo?
2. Nani atapima mvua, na akisafiri nani atamshikia?
3. Msimu uliopita tulipanda lini? Kuna aliyeandika?