Barua ya Malalamiko: Namna ya Kuiandika Hata Ikasikilizwa

Wanafunzi wengi hujifunza kuandika barua ya kuomba kazi na barua ya rafiki, lakini barua ya malalamiko hufundishwa haraka haraka siku chache kabla ya mtihani. Haifai kuwa hivyo. Wanafunzi wetu wa zamani watashuhudia kwamba mtu akisha kuacha shule, barua hii humpasa kuiandika mara nyingi.

Tuchukue mfano. Tuseme kwamba katika mji mmoja hapa Uganda kuna uwanja wa watoto, mali ya manispaa. Una bembea nne na choo kimoja. Mnyororo wa bembea moja umeliwa na kutu hata umekatika, na wa pili u karibu kukatika. Mchanga uliokuwa chini umechukuliwa na mvua, ikabaki ardhi ngumu kama saruji. Choo kimefungwa kwa kufuli. Mtoto mdogo haogopi kutu. Akiona bembea hupanda. Basi wakubwa wasipoandika leo, huenda kesho wakampeleka mtoto hospitali na mkono uliovunjika.

Mtu mwenye hasira huandika hivi:

"Bwana, mmezoea kula pesa zetu. Uwanja wenu ni aibu tupu. Tumechoka nanyi. Fanyeni kazi mnayolipwa!"

Labda ana sababu ya kukasirika. Lakini mfikirini yule anayeipokea barua. Ni uwanja gani? Kitu gani kimeharibika? Anatakiwa afanye nini, na lini? Hakuna neno hata moja la kumwongoza. Tena ameitwa mwizi pasipo ushahidi. Kwa hiyo atashughulika kujitetea, na bembea itabaki vile vile. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba hasira ni hasara.

Barua njema hufuata mambo matano.

Kwanza, mwandikie mwenye uwezo wa kutenda. Katika manispaa zetu Meya huongoza baraza, lakini Karani wa Mji ndiye mkuu wa watumishi, naye ndiye mwenye dhamana ya fedha. Basi barua iende kwake, na nakala kwa diwani wenu na kwa Mwenyekiti wa LC I, ili wajue.

Pili, andika ulichokiona kwa macho yako: mahali, tarehe na hesabu. "Bembea mbili kati ya nne" ni neno lenye nguvu kuliko "bembea zote zimekwisha", kwa sababu mtu akienda kutazama ataona kwamba umesema kweli. Akikuta umetia chumvi katika jambo moja, hatakuamini katika mengine.

Tatu, eleza hatari yenyewe, kwa maneno machache.

Nne, omba jambo linalowezekana. Tenga dogo na kubwa. Kuondoa bembea mbovu ni kazi ya asubuhi moja. Kununua mpya kwahitaji fedha, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo ombi la namna hiyo lifike mapema, makadirio yakiwa bado yanatengenezwa.

Tano, taja siku unayotazamia jibu, kisha utie sahihi na anwani yako. Barua isiyo na jina haina mtu wa kujibiwa.

Sasa tazameni barua ile ile ikiandikwa vizuri:

"Kwa Karani wa Mji.

Bwana,

BEMBEA ZA HATARI KATIKA UWANJA WA WATOTO

Sisi wazazi na vijana wa kijiji hiki tunakuarifu habari za uwanja wa watoto ulio karibu na soko. Jumamosi, tarehe 2 Machi, tuliukagua tukaona haya: mnyororo wa bembea moja umekatika, wa bembea ya pili umeliwa na kutu, chini ya bembea zote nne hapana mchanga, na choo kimefungwa.

Watoto wanaendelea kucheza hapo kila jioni, nasi twaogopa kwamba mmoja ataumia.

Twaomba bembea hizo mbili ziondolewe juma hili, na choo kifunguliwe. Twaomba pia minyororo mipya na mchanga vitiwe katika makadirio ya mwaka ujao. Vijana wetu wako tayari kuutandaza mchanga kwa mikono yao.

Tutashukuru kupata jibu lako kabla ya tarehe 18 Machi.

Wako mtiifu,
Katibu wa Vijana"

Angalieni kwamba hapana tusi, wala hapana kujipendekeza. Anayeisoma ajua la kufanya leo na la kufanya baadaye. Mara nyingi ofisi zetu huandikiwa kwa Kiingereza, ijapokuwa tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lakini mpango wa barua ni mmoja kwa lugha zote.

Kazi haiishi kwa kutia sahihi. Chukua nakala mbili mpaka ofisini. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uiweke nyumbani. Siku ya jibu ikipita kimya, andika tena kwa adabu ile ile, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Mtu mwenye nakala yenye muhuri haambiwi kwamba barua yake haikufika.

Na ikiwa wataka kujua fedha za uwanja zilitumikaje, usimshtaki mtu kwa kubahatisha. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 humpa kila raia wa Uganda haki ya kuomba kumbukumbu za ofisi za serikali, nayo ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, kimya hicho huhesabiwa kuwa imekataa, na mwombaji aweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba bembea ni jambo dogo. Uganda iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo chasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Anayeuombea uwanja matengenezo haombi hisani.

Zoezi: Tembelea uwanja, maktaba au ukumbi wa watu wote ulio karibu na kwenu. Andika mambo matatu uliyoyaona, bila kutia hata neno moja la hasira. Kisha andika barua isiyozidi ukurasa mmoja. Mpe mwenzako aisome, umwulize: "Kama ungekuwa wewe Karani wa Mji, ungefanya nini kesho asubuhi?" Akishindwa kujibu, iandike upya.