MAHINDI YAMEKOMAA, JE, YAMEKAUKA?

Huenda mkajiuliza ukurasa wa afya unahusikaje na mavuno. Sisi tunaona unahusika sana, kwa kuwa yapo magonjwa yanayoanzia shambani, siku ile tunapovunja hindi ambalo bado lina maji na kulitia ghalani.

Kwetu Tabora mvua huanza Novemba na kwa kawaida hukoma mwisho wa Aprili. Mahindi mengi hukauka Mei na Juni. Lakini hapo tumbaku nayo inadai mikono ya nyumba nzima, shambani na kwenye mabani. Basi mahindi mengine huvunwa mbiombio kabla ya wakati, na mengine huachwa mpaka mchwa waangushe mabua na hindi lilale udongoni. Yote mawili huleta kuvu.

Kukomaa si kukauka. Hindi la kuchoma tunalijua wote: ndevu zimekuwa kahawia, na punje ukiifinya kwa ukucha inatoa maziwa. Hindi la ghala ni jingine. Pukuchua punje chache katikati ya gunzi, utazame ile ncha inayoshika gunzi na kuikwangua kidogo. Ukiona doa jeusi, punje imefunga, haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Imekomaa. Hata hivyo karibu theluthi ya uzito wake bado ni maji! Kama mvua imekatika, liache likauke kwenye bua mpaka maganda yawe makavu kabisa na hindi liiname. Kama bado inanyesha, vuna, menya, kisha anika kwenye kichanja au turubai. Usianike juu ya udongo, maana humo ndimo kuvu wanamokaa.

Utajuaje kuwa yamekauka? Wengi wetu huuma kwa meno. Njia ya chumvi ni bora. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje na chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Tikisa vizuri, uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, anika tena. Isipoganda, bado ongeza siku moja au mbili za jua, kwani ghala linataka asilimia 13.

Ubichi huo huzaa sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kuipika hakuiondoi, na haionekani kwa macho. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Inayoliwa kidogo kidogo haiui upesi, lakini huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo chambueni punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Msiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hurudi kwetu katika mayai na maziwa.

Tusimsahau dumuzi, ambaye wengine humwita Skania. Mdudu huyu alitoka Amerika, na hapa Afrika alitambuliwa kwanza mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi. Kwa hiyo pukuchueni mapema, mchanganye na dawa ya kuhifadhia nafaka kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya tumbaku isiguse chakula hata kidogo. Tunalisema hili kwa sababu chupa hizo zimo katika nyumba nyingi.

Mtu akitapika, macho yakawa ya manjano na tumbo au miguu ikavimba, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Chukueni na kopo la mahindi au unga mliokuwa mkila, mganga auone.