Mihadhara ya Hadhara Mlimani: Mwongozo kwa Wafanyakazi

Mwongozo huu ni wa wafanyakazi wa Dar es Salaam, wa ofisini na wa karakana, wanaoona matangazo ya mihadhara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na kudhani ni mambo ya wasomi. Mhadhara ukitangazwa kuwa ni wa hadhara, nawe umealikwa. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika kilipoanzishwa mwaka 2008, chini ya Profesa Issa Shivji, kilianza pia desturi ya kuwaalika wanazuoni wakubwa wahutubie watu wote: Wole Soyinka mwaka 2009, Samir Amin mwaka 2010. Mwananchi wa kawaida alikuwa na haki ya kuwasikiliza sawa na mwanafunzi.

Kwanza soma tangazo vizuri. Mhadhara wa hadhara huwa na msemaji mmoja na ukumbi mkubwa. Semina ya idara ni chumba kidogo, watu wachache, na mara nyingi mada ni utafiti ambao haujachapishwa. Kama tangazo la semina halisemi wazi kwamba watu wa nje wanakaribishwa, mpigie simu au mwandikie mratibu. Ukikubaliwa, usipige picha wasilisho na kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Mtafiti ameonyesha kazi mbichi ili ikosolewe, na takwimu zake huenda zikabadilika.

Angalia na mahali. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, uko jirani na jengo la Utawala. Yombo ni kumbi nyingine kabisa, na mgeni anaweza kupoteza muda mwingi akizitafuta. Beba kitambulisho, kwa kuwa getini unaweza kuulizwa.

Kama mhadhara uko saa za kazi, ruhusa iombe kwa msimamizi wako mapema na kwa maandishi, ukiambatisha tangazo. Usiende kwa kutegemea posho: mhadhara si warsha ya mradi, na chai ikiwepo ni hisani. Kama bodi yako ya taaluma inadai pointi za mafunzo endelevu, iulize kabla ya siku yenyewe iwapo mhadhara huo unahesabika, kisha usisahau kujiandikisha kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa tuje kwenye maswali, maana hapo ndipo mfanyakazi ana kitu ambacho chuo hakina. Mtafiti hufika eneo la kazi, akakusanya takwimu, akaondoka. Wewe uko pale kila siku. Kwa bahati mbaya wengi wetu tukipewa kipaza sauti tunaanza kumshukuru mwenyekiti, kumpongeza mtoa mada, kueleza historia ya idara yetu, na muda unakwisha kabla ya swali. Tuseme mada ni upotevu wa maji mjini, na aliyesimama ni fundi wa maji. Swali lake linaweza kuwa hivi: "Mimi ni fundi wa maji, Tandale. Umesema maji mengi yanapotea kwenye mabomba makuu. Mivujo tunayoziba sisi mingi iko kwenye maungio, karibu na dira ya mteja. Je, mlipima upande huo pia?" Hazipiti sekunde 30. Amejitambulisha kwa kazi, amenukuu alichosikia, ameweka alichokiona mwenyewe, ameuliza namna utafiti ulivyofanyika. Swali la aina hiyo msemaji hawezi kulipita kwa maneno mawili matamu. Andika lako kwenye karatasi mhadhara ukiendelea.

Wenyeviti wengi hukusanya maswali matatu au manne kwa pamoja, na msemaji huanza na yale mepesi. Lako lisipojibiwa, usinung'unike kimyakimya. Mfuate baada ya kikao, umkumbushe kwa adabu, na umwombe andiko kamili. Mhadhara wa kiprofesa, ule ambao profesa hueleza kazi yake ya miaka mingi, katika vyuo vingi hauna kipindi cha maswali, kwa hiyo huko kumfuata baadaye ndiyo njia pekee.

Kuhusu lugha: mada nyingi hutolewa kwa Kiingereza, isipokuwa hasa zile za Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Uliza kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Kazi yako unaifanya kwa Kiswahili, na ukijilazimisha kuieleza kwa Kiingereza cha kubabaika utapunguza uzito wa ushahidi wako. Neno la kitaalamu likikupita, liandike kama ulivyolisikia na umuulize mwenzako mkitoka. Wanafunzi wa Mlimani hupenda kueleza.

Kwa wasimamizi wa kazi ninaandika kwa msisitizo: mfanyakazi akileta barua yenye tangazo la mhadhara unaogusa kazi yake, mpeni saa hizo chache. Akirudi, mtengeeni dakika kumi katika kikao cha idara awaeleze wenzake alichosikia na alichouliza.