Somo: Kunyoosha Ubao Uliopinda

Chama cha maseremala kinapopokea agizo la madawati, hasara mara nyingi huanzia kwenye mbao zilizopinda. Fundi huupitisha ubao katika mashine ya kurandia unene, nao hutoka laini lakini umepinda vile vile. Magurudumu ya mashine huukandamiza unapopita. Ukishatoka hurudia umbo lake. Unene umepotea bure, na unene huo ni mali ya wanachama.

Kwanza ubao ukatwe kwa urefu unaohitajiwa, na ziada kidogo. Ubao wa meta 4 uliojisokota kwa milimita 12 toka mwanzo hadi mwisho, ukikatwa vipande vinne sawa, kila kimoja hubaki na msokoto wa milimita 3 hivi. Kisha kipande kilazwe juu ya meza, kitiwe kabari kisicheze, na fito mbili zilizonyooka ziwekwe juu yake, moja kila mwisho. Fundi akiinama na kuzilinganisha kwa jicho moja, ataona pembe mbili zilizoinuka. Hizo ndizo zirandwe kwa mkono, mshazari, mpaka fito zilingane. Hapo ndipo mashine ipewe upande wa pili.

Ubao mbichi usiguswe kwa randa, maana utapinda tena: mti husinyaa kufuata miviringo yake karibu mara mbili kuliko kuelekea kiini. Mbao zipangwe kivulini, fito za kuzitenga zikiwa wima moja juu ya nyingine, na mtunza ghala aandike tarehe kwenye kila rundo.